TUSIYAONEE HAYA MALENGE YETU

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

  Mwaka huu nimeomba nafasi katika jarida letu, na sitaandika juu ya nidhamu wala dawa za kulevya wala umuhimu wa elimu. Hayo wenzangu wanayaandika kila mwaka na wanayaandika vizuri. Mimi nataka kuandika juu ya malenge. Naam, malenge! Ukiisha kucheka, rudisha macho hapa usome, kwa maana jambo lenyewe linahusu tumbo lako, na tumbo halina likizo.

Maoni yangu ni haya. Katika shule yetu ya kutwa wako wenzetu ambao kengele ya saa saba ikilia hawaendi jikoni, kwa sababu pesa za chakula cha mchana hazijalipwa nyumbani. Wengine hujifanya wanasoma darasani, wengine huenda kwenye mfereji wakanywa maji, basi. Lakini ukimfuata mwenzako huyo jioni mpaka kwao, Mwala au Kathiani au Masii, utakuta maembe yameanguka chini ya mti yanaliwa na nzi, na maboga mawili matatu yamelazwa nyuma ya jikoni yakingojea kukatiwa ng'ombe. Chakula kipo na njaa ipo, katika boma moja! Hiyo ni aibu, na dawa yake tunayo mikononi. Nasema shule ikubali mazao haya ya nyumbani yaingie katika sufuria za shule, na sisi wanafunzi tuache kuyaonea haya.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na mwalimu mlezi asije akanipiga kalamu nyekundu. Tunda lenyewe katika Kiswahili sanifu ni boga, wingi maboga. Mmea unaolizaa huitwa mboga. Nilipoliona hilo katika kamusi nilishangaa kidogo, kwa sababu neno hilo hilo ndilo tunalotumia kwa sukuma, mchicha, kunde na kila jani tunalolia ugali. Ni kama boga ndilo mkubwa wa mboga zote! Hapa kwetu Ukambani, na Kenya bara kwa jumla, watu wengi husema malenge. Nitayatumia yote mawili, na mtanielewa.

Sasa hebu tuangalie huko ng'ambo, kwa sababu wengi wetu hatuamini kitu ni kizuri mpaka tusikie Wazungu wanakitumia. Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kuanzia mwezi wa Septemba hadi Novemba, majani ya miti hugeuka rangi ya manjano na nyekundu, kisha hupukutika. Wakati huo ndio wa mavuno ya matufaha na maboga. Watu huchuma matufaha katika bustani zao wakayapika kwa sukari na mdalasini, wakayasaga jemu, wakayakamua maji. Maboga nayo hupikwa supu na mkate na pai. Huko Marekani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba ni Sikukuu ya Shukrani, na pai ya boga ni chakula cha siku hiyo kama vile pilau ilivyo chakula cha sherehe zetu. Tajiri hula, maskini hula, na hakuna anayemcheka mwenziwe. Wakati wao wanavuna, sisi tunatazama mawingu juu ya vilima vya Iveti na kushika majembe, kwa sababu mvua za vuli za Oktoba mpaka Desemba ndizo tegemeo letu kubwa. Wao wanakula boga, sisi tunapanda mbegu yake. Tofauti ni miezi tu.

Tena boga lenyewe si la Wazungu wala si la Wakamba. Asili yake ni bara la Amerika. Wataalamu walichimbua mbegu zake katika pango moja huko Oaxaca, nchini Meksiko, na wakasema zina umri wa karibu miaka 10,000. Wenyeji wa huko walilipanda pamoja na mahindi na maharagwe katika shamba moja. Je, hamjaliona shamba la namna hiyo? Nendeni mkatazame shamba la nyanya yako kule kijijini. Mahindi yamesimama, maharagwe yako katikati, na boga linatambaa chini likifunika udongo jua lisiukaushe. Vyakula hivi vyote vitatu vilivuka bahari baada ya mwaka wa 1492 vikafika Afrika, na mababu zetu walivipokea wakavifanya vyao. Kwa hivyo anayesema malenge ni chakula cha kishamba hajui kwamba kimesafiri mbali kuliko yeye.

Tufaha nalo lina hadithi yake. Asili yake ni Asia ya Kati, katika milima ya Kazakhstan. Mtufaha ni mti wa baridi. Hupukutisha majani ukalala, na usipopata baridi ya kutosha hauamki vizuri kuchanua. Ndiyo maana hapa Machakos, penye jua kama la kukaanga mayai, hautuzalii kwa urahisi. Siku hizi wako wakulima wa nyanda za juu za Kenya wanaopanda aina zinazovumilia joto, lakini mengi ya matufaha unayoyaona yamepangwa kama wanajeshi pale Marikiti yametoka nje, hasa Afrika Kusini. Yamepandishwa meli, yakawekwa katika baridi, yakapakwa nta yang'ae. Mgonjwa akilazwa hospitalini tunamnunulia tufaha. Mgeni akija tunamkatia tufaha. Na pesa za tufaha moja, wakati wa msimu, zingenunua maembe matatu au manne!

Mimi sina chuki na tufaha. Mgala muue na haki yake mpe: ni tunda tamu, na mwenye pesa zake ale. Ninachouliza ni kwamba, mbona tunda la mbali liwe la heshima na la nyumbani liwe la kuoza? Kichekesho ni kwamba sisi tunalo "tufaha" letu wenyewe. Kuna aina ya embe ambayo kila mkulima hapa anaijua kwa jina la Apple. Ni la mviringo, ngozi yake huiva kwa rangi ya manjano yenye wekundu, na halina nyuzi za kukwama kwenye meno. Mizizi yake ni Pwani, kama ilivyo kwa ngowe, dodo na boribo, lakini limepata makao makubwa Ukambani. Machakos, Makueni na Kitui ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa maembe Kenya nzima. Kuanzia Desemba hadi Machi, ukipita Kyumbi kwenye barabara ya Mombasa, utaona wachuuzi wakikimbiza magari na ndoo za maembe. Huko ni barabarani. Huko ndani vijijini ambako lori halifiki, maembe huanguka tu, pu! pu! usiku kucha.

Kwa nini yanaoza? Sababu ya kwanza ni kwamba yote huiva kwa wakati mmoja, na mabroka wakijua hivyo hushusha bei mpaka mkulima anaona afadhali asichume. Sababu ya pili ni nzi wa matunda. Kuna aina ya nzi kutoka Asia aliyegunduliwa nchini Kenya mwaka wa 2003, naye hutoboa ngozi ya embe akataga mayai ndani. Unalikata embe zuri kwa nje, ndani unakuta funza wanacheza. Kwa ajili ya nzi huyo Kenya ilisimamisha kuuza maembe Ulaya mwaka wa 2014, na ni mwaka wa 2021 tu ndipo biashara hiyo ilipoanza tena. Majirani zetu wa Makueni walijenga kiwanda cha kusindika maembe kule Kalamba, na ninawapongeza. Lakini kiwanda hakiwezi kufika kwa kila mti. Jiko la nyumbani na jiko la shule ndivyo viwanda vilivyo karibu.

Sasa nirudi kwa haya, maana hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Muhula wa kwanza mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza alikuja na boga la kuchemsha katika mkebe wa plastiki. Alipoufungua chini ya mjakaranda, watu watatu wa darasa kubwa wakapiga kelele, "Wasee, kuja muone lishe ya ng'ombe!" Mkebe ukafungwa mara moja. Mtoto wa watu alikaa na njaa hadi saa kumi, na boga lake lilirudi nyumbani jinsi lilivyokuja. Tangu siku hiyo sijamwona tena na mkebe. Waliomcheka, mimi nawajua, na najua pia kwamba jioni walipofika makwao walikula isyo kama sisi sote. Kwani chipsi na smoki za kibandani mnazokula Ijumaa moja kwa mwezi ndizo zimewafanya mabwana? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Baada ya hayo wacha nieleze faida za boga, ili atakayecheka acheke akiwa na habari.

Faida ya kwanza ni afya. Ile rangi yake ya manjano iliyoiva inaonyesha kwamba lina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo husaidia macho kuona wakati wa mwangaza hafifu, na husaidia mwili kupigana na magonjwa. Walimu wa sayansi kimu husisitiza kwamba vitamini hii huingia mwilini vizuri chakula kikiwa na mafuta kidogo, kwa hivyo boga lililokaangwa na kitunguu au kutiwa nazi lina faida zaidi kuliko la kuchemsha tu. Mbegu zake zina protini na mafuta mazuri na madini ya zinki. Majani yake ni mboga kamili. Ni mmea gani mwingine unaokupa mboga, kitoweo, kiamshakinywa na njugu za kutafuna, vyote katika shina moja?

Faida ya pili ni kwamba boga halina haraka. Embe likiiva leo, baada ya siku chache ni uchafu. Lakini boga lililokomaa vizuri, lililokatwa na kikonyo chake na kuwekwa mahali pakavu penye kivuli, hukaa miezi bila friji na bila umeme. Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani walikuwa wakitazama boga.

Faida ya tatu ni kwamba halitaki shamba la peke yake. Sisi watu wa Machakos tunajulikana duniani kwa matuta ya fanya juu. Babu zetu, na hasa bibi zetu katika vikundi vya mwethya, walichimba mitaro wakirusha udongo upande wa juu, mpaka vilima vilivyokuwa vimekwisha kwa mmomonyoko vikashika udongo na maji. Ndani ya mtaro ule unyevu hukaa muda mrefu. Watu hupanda humo migomba na mipapai, na boga likipandwa ukingoni na kutiwa samadi kidogo litatambaa lenyewe. Ukiona maua mengi bila matunda usitukane mmea. Maua mengine ni ya kiume na mengine ya kike, na nyuki ndiye mshenga. Ua la kike utalitambua kwa kiboga kidogo chini yake. Usipige dawa asubuhi maua yakiwa wazi, utaua mshenga kabla ya harusi.

Haya, tuingie jikoni, maana najua mnangojea hapo. Nimewauliza mama yangu, nyanya yangu na jirani mmoja aliyewahi kukaa Mombasa, na mengine nimeyapika mwenyewe kwa mikono hii. Wavulana msigeuze uso. Moto haujui huyu ni msichana na yule ni mvulana.

Muthokoi kwa boga. Muthokoi mnaujua: mahindi yaliyotwangwa kwa maji kidogo mpaka ganda likatoka. Uchemshe pamoja na maharagwe au mbaazi mpaka vilainike. Menya boga, likate vipande vya kadiri ya kiberiti, uvitie juu vipindi vya mwisho, wakati muthokoi umekwisha kuiva. Ukivitia mapema vitapotea. Kaanga kitunguu na nyanya pembeni, mimina, koroga polepole. Vipande vingine vitapondeka na kuwa mchuzi mzito wa manjano, na utamu wake utakufanya usahau kuuliza nyama iko wapi. Isyo ya kawaida yenye mandondo makavu, ile inayokwama kooni mpaka unywe maji, hupona kabisa kwa dawa hii.

Chapati za boga. Chemsha boga kwa maji machache, chuja, ponda mpaka liwe laini. Changanya na unga wa ngano na chumvi na mafuta kidogo. Angalizo: usimwage maji kama kawaida, kwa sababu boga lenyewe ni maji matupu; ongeza kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Chapati zitatoka na rangi kama ya dhahabu, tena ni laini hata zikilala hadi kesho. Mama mwenye unga kidogo na watoto wengi atapata chapati zaidi kwa unga ule ule.

Boga la nazi. Hili ni la watu wa Pwani, na huliwa sana mwezi wa Ramadhani wakati wa kufuturu. Vipande vya boga huchemshwa kwa tui la nazi, sukari kidogo, iliki na chembe ya chumvi mpaka tui liwe zito. Hapa kwetu nazi ni ya kununua, lakini maziwa hufanya kazi hiyo pia. Ukimpa mtu bila kumwambia ni malenge, atadhani ni chakula cha hoteli.

Majani na mbegu. Chuma ncha changa, si majani makuukuu, wala usichume mno kwenye tawi lenye matunda. Ambua nyuzi za kijiti chake, katakata, kaanga pamoja na kunde au umalizie kwa maziwa. Mbegu zioshe, zianike, zikaange kwenye kikaango kikavu na chumvi. Hizo ndizo njugu zetu za bure, na mfuko wa shati unazitosha.

Maembe. Embe bichi tunalijua sote kwa chumvi na pilipili pale langoni. Lakini wangapi wamewahi kulitia katika ndengu? Nyanya zikipanda bei, chukua embe bichi moja, likwaruze, litie ndengu zikikaribia kuiva. Ule ukali wake hufanya kazi ya nyanya na ndimu kwa pamoja. Kwa kitunguu na pilipili hufanya kachumbari nzuri. Yaliyoiva yakizidi, yakate vipande vyembamba, yapange kwenye wavu safi, yafunike kwa neti inzi wasiyaguse, uyaanike juani mpaka yakunjike kama ngozi. Yakikauka vizuri na kufungiwa kwenye chombo kisichoingiza hewa, utayala msimu ukiwa umepita zamani. Jua la Ukambani tunalilaumu kila siku. Angalau hapo litufanyie kazi.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na si vizuri kuzikimbia.

Wa kwanza atakuwa mpishi wa shule. Atasema boga lina ganda gumu na kumenya mengi ni kazi ya siku nzima. Ni kweli. Lakini si lazima limenywe. Hupasuliwa vipande vikubwa, hutolewa mbegu, huchemshwa na ganda lake, kisha nyama yake hukwanguliwa kwa kijiko. Na sisi tuko hapa. Kila darasa lichague watu sita wa zamu wa kusaidia jikoni kabla ya masomo, mara moja kwa wiki. Mababu zetu walichimba matuta kwa mwethya. Sisi tutashindwa kupasua malenge kwa mwethya?

Wa pili atakuwa mhasibu. Atasema shule inahitaji pesa, maana kuni hazinunuliwi kwa maboga, wala mpishi halipwi mshahara kwa maembe. Hilo pia ni kweli, na sisemi pesa zifutwe. Nasema mzazi aliyekwama aruhusiwe kulipa sehemu kwa mazao. Shule nyingi za vijijini hupokea magunia ya mahindi na maharagwe badala ya karo au pesa za chakula. Kama gunia la maharagwe hupimwa kwa mizani na kuandikwa risiti, boga nalo lina kosa gani? Lipimwe, liandikwe, na mtoto apewe sahani yake.

Hebu tupige hesabu, ili nisionekane napiga domo. Tuseme shule ina wanafunzi 300, na kila mmoja analeta boga moja tu la kilo nne katika muhula. Hizo ni kilo 1,200. Toa robo ya ganda na mbegu, zimebaki kilo 900. Kila mwanafunzi akipewa robo kilo katika chakula chake, siku moja hutumia kilo 75. Gawanya mwenyewe: utapata siku 12. Mara moja kwa wiki, hiyo ni karibu muhula mzima, na siku hiyo mahindi na maharagwe ya stoo hupungua nusu. Ule unafuu ndio unaoweza kumlisha yule aliyekuwa akienda kwenye mfereji saa saba. Haba na haba hujaza kibaba. Na wakati wenyewe unafaa: maboga yaliyopandwa kwa mvua za vuli hukomaa karibu Februari na Machi, maembe nayo yakiwa bado yapo. Ndio muhula wa kwanza huo, wakati ambapo wazazi wamekwisha kukamuliwa na sare na vitabu na karo hadi mifuko imegeuzwa nje.

Wa tatu ni ninyi wenzangu mtakaosema, "Tutachoka kula malenge." Mbona hamjachoka na isyo ya kila siku tangu shule ya msingi? Mara moja kwa wiki haimchoshi mtu.

Kuna jambo moja zito zaidi ambalo wazee wetu wanalijua kuliko sisi. Njaa za Ukambani zina majina. Ile ya mwaka wa 1961 waliiita Ndeke, kwa sababu chakula kiliangushwa na ndege. Ile ya mwaka wa 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika mkononi. Maana yake ni kwamba mtu alikuwa na pesa zake mkononi, akaenda sokoni, na hakukuwa na chakula cha kununua. Fikirini jina hilo kidogo. Nasi hatuko mbali nalo, kwa kuwa tangu mwisho wa mwaka wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kavu za Kenya. Boga peke yake halizuii ukame. Mvua ikikosa kabisa nalo hunyauka. Lakini watu wanaojua kutunza chakula cha shambani mwao, kukikausha, kukiweka na kukipika kwa namna nyingi, huingia katika mwaka mbaya wakiwa na kitu mkononi zaidi ya pesa. Watu waliozoea kuacha chakula kioze kwa sababu si cha heshima wataingia mikono mitupu.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Moja, bodi ya shule na chama cha wazazi na walimu wajadili jambo la mazao ya nyumbani katika mkutano ujao, na wajaribu kwa muhula mmoja tu. Isipofaa, tuache. Mbili, lile eneo nyuma ya maabara ambapo sasa pana magugu na karatasi za peremende tupewe wanafunzi wa kilimo tupande maboga kabla ya Oktoba. Maji ya kunawia mikono yanayopotea pale mferejini yanatosha kuyaanzisha. Tatu, na hili halihitaji mkutano wala pesa: mwenzako akifungua mkebe wake chini ya mjakaranda na ndani mna boga, usimcheke. Mwombe kipande. Ukikionja utamwomba na cha pili.

Wenzangu, mcheza kwao hutunzwa. Tukiyapa heshima ya kwetu, na wengine watayaheshimu. Shime basi! Aliye na mbegu nyumbani alete, aliye na jembe alete, na asiye na kitu alete mikono yake.